Noti Isiyokuwa Yake

Jino lilianza kucheza siku ya Jumanne asubuhi, Pumzi akitafuna ganda la mkate. Hakusikia maumivu. Alisikia tu kitu kimesogea mahali ambapo hakuna kinachotakiwa kusogea. Akaacha kutafuna, akaweka kidole gumba nyuma ya jino la mbele la juu, lile la kushoto, akalisukuma taratibu. Likaitika. Akalisukuma tena, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba wenyewe wasiwepo. Likaitika tena.

"Mkate mgumu?" mama yake akauliza kutoka upande wa pili wa meza.

"Hapana, mama."

"Nini?"

"Nimesema hapana!"

"Basi usinipigie kelele. Ukiuona mgumu uchovye kwenye chai. Mimi miaka ishirini nachovya na sijamkosea mtu."

Mama yake alikuwa na miaka themanini na minne. Kinywani hakuwa na jino hata moja alilootesha mwenyewe, na masikio nayo yalikuwa yameanza kufuata njia ya meno. Pumzi akamalizia chai kwa upande mmoja wa mdomo, akachukua mkoba wa klarineti, akatoka kwenda mazoezini. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kwa watu wengine jino ni jino. Kwake yeye lile lilikuwa nusu ya kazi.

Maana anayepuliza klarineti huyaegemeza meno yake ya juu ya mbele moja kwa moja kwenye mdomo wa chombo, na mdomo wake wa chini huukunja juu ya meno ya chini uwe kama mto. Hapo katikati ndipo kinapokaa kipande chembamba cha mwanzi, wenyewe hukiita ulimi, ambacho hutetema pumzi ikipita. Mtetemo ule hauishii hewani. Hupanda kwenye meno, ukaingia tayani, ukafika nyuma ya masikio, kiasi kwamba mpigaji huisikia noti mfupani kabla ya kuisikia sikioni. Pumzi alikuwa akisikiliza kwa mfupa huo mwaka wa arobaini na nane sasa.

Alianzishwa na baba yake, ambaye hakuwa mpigaji bali fundi wa vyombo vya beni ya jeshi. Utoto wake aliumalizia chini ya meza ya ufundi, katikati ya springi zilizokatika, vipande vya vizibo na mikebe ya mafuta. Alipofika miaka tisa baba yake alimtengenezea klarineti kutokana na nne zilizokufa: kichwa cha hii, kiwiliwili cha ile, na vibonyezo vya mbili zilizobaki. "Hii ni ya maiti wanne," akamwambia. "Kwa hiyo usiipige kama unalia, watashtuka." Mama yake hakucheka. Alisema mtoto wa kike na filimbi wapi na wapi, na atakayeoa zumari lenye miguu ni nani. Lakini baba alikuwa na desturi ya kutosikia akiwa ameshika bisibisi.

Jina la Pumzi lilimpata akiwa na miaka kumi na mmoja, uwanjani, mbele ya wanajeshi. Walishindana nani atashikilia noti moja kwa muda mrefu zaidi. Mwenye tarumbeta akakata kwenye sekunde ya thelathini, mwingine kwenye thelathini na tisa, na mtoto wa fundi akaenda mpaka hamsini na mbili, uso umemwiva, macho yamemtoka. Sajenti akasema, "Huyu si mtoto jamani, huyu ni pumzi tupu." Tangu siku hiyo hata walimu shuleni walimwita hivyo.

Yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda kwa mtu mwenye kipaji na asiyejua kukaa bure. Alipata nafasi ya kusoma muziki ng'ambo, akakaa kwa miaka minne kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, akipiga saa sita kwa siku mpaka kidole gumba cha kulia, ambacho ndicho hubeba uzito wote wa chombo, kikaota sugu ngumu kama kokwa. Alirudi, akafanya usaili wa okestra kubwa. Wasailiwa walipigia nyuma ya pazia ili waamuzi wasijue ni nani, na waliambiwa wavue viatu kabisa, visigino visije vikasema huyu ni mwanamke. Akashinda akiwa na soksi. Wakampa kiti cha pili cha klarineti, na kwenye kiti hicho akakaa miaka kumi na saba, mpaka mzee wa kiti cha kwanza alipostaafu naye akasogezwa. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na mbili kiti cha kwanza.

Katikati hapo aliolewa na mpima ardhi, mtu mwema, mpole. Baada ya miaka tisa mpima ardhi akamwuliza bila hasira, "Hivi mimi nimeoa mke au nimeoa ratiba?" Waliachana bila kuvunja hata sahani.

Kwa hiyo tunapomkuta na jino lake, alikuwa mwanamke aliyefika alikotaka, na aliyechoka. Haukuwa uchovu wa kazi ya siku moja, ule unaoisha kwa kulala. Ulikuwa umelimbikizwa kidogo kidogo. Alikuwa amechoka kununua boksi la ndimi kumi za mwanzi na kukuta mbili tu zinazofaa. Alikuwa amechoka kuongozwa na watu wapya kila baada ya miaka michache, kila mmoja akija na mkono wake, mmoja akipunga kama anafukuza nzi, mwingine kama anakanda unga. Na muziki wenyewe, ambao zamani ulimnyima usingizi kwa utamu, sasa aliupiga huku akiwaza kama amezima jiko.

Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye mikono yenye joto. Alimlaza, akamulika, akagonga jino hili na lile kwa chuma chake, kisha akamwonyesha picha ya mfupa kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama, ufizi umerudi nyuma na mfupa umeliwa. Hili la mbele limeshikilia kwa heshima tu. Na la pembeni yake linafikiria kumfuata mwenzake."

"Litakaa mpaka lini?"

"Ukiliacha lipumzike, labda mwaka. Unafanya kazi gani?"

Alipomweleza, daktari akavua miwani. "Unalikandamiza saa ngapi kwa siku?"

"Nne. Tano."

"Basi tusizungumze habari ya mwaka. Ling'oe sasa, tupandikize lingine. Lakini kidonda kipone kwanza, mfupa ushike. Ni miezi. Na sitakudanganya, mama: jino la kupandikiza halina hisia kama lako. Utakuwa unauma kitu usichokisikia."

Pumzi akasema atafikiria, akashukuru, akatoka. Msimu wa okestra ulikuwa umebakiza miezi mitano. Katika miezi hiyo kulikuwa na simfonia kubwa ya alasiri ya Jumapili, na ndani yake, sehemu ya tatu, ile ya polepole, klarineti ya kwanza huachwa peke yake kwa mistari minane, okestra nzima imenyamaza, na mstari wa nane huishia kwenye noti moja ya juu inayopungua, inapungua, mpaka msikilizaji hajui kama bado ipo au anaikumbuka. Aliwahi kuipiga mara sita. Akajiambia ataipiga ya saba, kisha jino lifanye litakalo.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini mtu aliyezoea kuficha uchovu haoni taabu kuficha jino. Alibandika kipande cha mpira laini juu ya mdomo wa klarineti. Alihamishia uzito kwenye meno ya kulia, shingo ikapinda, na baada ya wiki mbili bega nalo likaanza kudai. Alikula uji na ndizi. Ukiisha mstari mrefu alifuta mdomo kwa leso, akaitazama leso haraka kama kuna damu, akaikunja.

Aliyemwona alikuwa Msomi.

Msomi ndiye aliyekaa kiti cha pili, kulia kwake, mwanamke wa miaka thelathini na mbili aliyepewa jina hilo kwa sababu alisoma vitabu kwenye mapumziko badala ya kupiga soga. Walikaa bega kwa bega mwaka wa tatu huo na hawakuwa wamezungumza maneno ya kujaza kikombe. Kosa lilikuwa la Pumzi. Siku ya kwanza kabisa Msomi, kwa bidii ya ugeni, alikuwa amejipasha moto kwa kupiga mstari wa klarineti ya kwanza. Pumzi akamgeukia mbele ya watu. "Piga kilichoandikwa kwenye karatasi yako. Ya kwangu niachie." Msomi akasema, "Samahani, mama," na tangu hapo ikawa shikamoo, marahaba, na ukurasa wa ngapi.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka viti vya pembeni. Sehemu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na Pumzi akaona jino limetulia, akaanza hata kuamini. Sehemu ya tatu ikaingia. Fidla zikashuka, chelo zikashuka, kukawa kimya, na kiongozi wa okestra akamtazama kwa macho tu, bila mkono. Akaanza.

Mstari wa kwanza mpaka wa tano ulikuwa mzuri. Yeye mwenyewe alijua ulikuwa mzuri, na alishangaa maana kwa muda mrefu hakuwa amekisikia kitu hicho kikimsimamisha vinyweleo. Wa sita ukapanda. Wa saba akasikia jino limeinama. Akaendelea. Wa nane akaishika ile noti ya juu, akaanza kuipunguza, na ili noti ipungue bila kufa mdomo lazima ukaze, naye akakaza, na maumivu yakampanda kutoka ufizini mpaka kwenye mboni ya jicho kama sindano iliyochomwa moto. Midomo ikalegea yenyewe. Hewa ikatoroka pembeni. Tayani mtetemo ukakatika.

Mfupa ulinyamaza, lakini sikio likaendelea kusikia.

Noti ilikuwa ipo. Ilikuwa pale pale, urefu ule ule, rangi ile ile, inapungua kama inavyotakiwa kupungua. Pumzi alikaa na klarineti kinywani, vidole vikiwa mahali pake, bila kupuliza hata chembe, akaisikiliza noti yake ikitoka kulia kwake. Ikaendelea kupungua. Ikawa nyembamba kama uzi. Kisha hakuna aliyejua ilikwisha lini. Watu wote ukumbini wakashusha pumzi kwa pamoja, na fidla zikaingia.

Sehemu ya nne alipiga kama mtu anayetembea usingizini.

Katika chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake alisubiri mpaka wapigaji wa obo na wa fidla walipotoka. Msomi alikuwa ameinama anapitisha kitambaa ndani ya chombo chake.

"Ulikuwa unapiga," Pumzi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu wapi?"

"Mstari wa saba. Nilikuwa chini yako, kwa sauti ya kujificha. Ulipoacha nikabaki."

"Karatasi yako ina nini pale?"

"Haina kitu. Imeandikwa nyamaza."

"Na wewe hujui kusoma? Wanakuita Msomi wa nini?"

Msomi akaacha kitambaa. "Tangu mwezi wa pili unapumua mara mbili mahali ulipokuwa unapumua mara moja. Unapinda shingo. Unaangalia leso. Nikajua kuna kitu mdomoni. Nikajifunza mstari ule nyumbani, kwa jinsi unavyoupiga wewe, si kwa jinsi ulivyoandikwa. Sikusema, kwa sababu ningesema ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi."

"Na kama ungekosea? Kama tungesikika wawili?"

"Ningefukuzwa."

"Nilikwambia siku ya kwanza. Ya kwangu niachie."

"Uliniambia, mama. Nimekosa. Lakini haikukatika."

Pumzi alitaka kusema jambo kubwa. Alihisi hasira na aibu, na nyuma yake kulikuwa na kitu kingine kilichofanana na nafuu, na hicho ndicho kilichomtia hasira zaidi. Kinywa ni jumba la maneno, lakini jumba lake siku ile lilikuwa linatoka damu. Akafunga mkoba, akaondoka bila kuaga.

Jumatano mazoezini kiongozi wa okestra aliingia na gazeti. Huyu kila mtu alimwita Kondakta, kwa herufi kubwa, na mama yake Pumzi mpaka leo alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake anafanya kazi na kondakta, na majirani wakauliza basi la wapi. Alikuwa mtu mrefu, mchovu naye, mwenye ndevu zilizokatwa bila uangalifu. Akagonga stendi ya noti, akasoma kwa sauti. Mwandishi wa gazeti alikuwa amesifu hiki na kile, kisha akasema jambo moja tu lilimfanya asahau kalamu mkononi: noti ya mwisho ya klarineti katika sehemu ya tatu, ambayo iliondoka kama mtu anayefunga mlango taratibu asiwaamshe waliolala. Alisema amemsikia mpigaji huyu kwa miaka mingi, na hajawahi kumsikia akipiga noti kama ile.

"Hajawahi," Kondakta akarudia, akimnyooshea Pumzi gazeti. "Baada ya miaka ishirini na tisa! Hongera sana, dada."

Okestra ikapiga miguu sakafuni, ndivyo wanamuziki wanavyopongezana mikono ikiwa imeshika vyombo. Sakafu ya mbao ikanguruma. Msomi alikuwa ameinamia karatasi yake na masikio yamemwiva. Pumzi alikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi yenyewe ilikuwa pana, ya kutosha lori kupita. Akainamisha kichwa kwa shukrani, na kelele zikaisha.

Siku mbili akaishi na ule mwinamo wa kichwa. Alijaribu kujiambia mistari saba ilikuwa yake, na noti ni noti. Lakini mwandishi hakuisifu ile mistari saba. Katika maisha yake yote, katika hewa yote aliyopuliza tangu uwanjani kwa wanajeshi, kitu walichokichagua wakasema hiki ndicho kizuri kuliko vyote, kilikuwa pumzi ya mtu mwingine. Na kibaya zaidi ni kwamba mwandishi alikuwa sahihi. Yeye alikuwa ameisikia kwa karibu kuliko wote. Hakuwahi kuipiga hivyo.

Ijumaa asubuhi mama yake alimkuta jikoni amekaa mbele ya uji uliopoa.

"Mbona siku hizi hupigi?" mama akauliza. "Nyumba kimya."

"Mama, husikii hata nikipiga."

"Nasikia miguuni. Sakafu hutetema." Akavuta kiti, akaketi kwa awamu. "Una nini?"

Pumzi alimweleza yote, kwa sauti ya juu, neno kwa neno, mpaka pengine jirani wa ukutani naye akajua. Jino, daktari, noti, gazeti. Ilimchukua muda, maana kila alipofika penye aibu mama alisema "Nini?" na ikambidi aipige kelele aibu yake mara ya pili.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa huyo binti umemwambia asante?"

"Bado."

"Miaka mitano niliogopa kung'oa meno," mama akasema. "Nilisikia watu wanasema jino la pembe si dawa ya pengo. Nikaona basi, nikae na maumivu yangu. Baadaye nikagundua waliosema hivyo walikuwa na meno yote." Akausogeza uji mbele ya binti yake. "Kunywa. Kisha nenda kaseme ukweli, halafu uje ulale. Unatisha kutazama."

Kondakta alimpokea katika ofisi yake ndogo, kati ya rafu za karatasi za muziki na sinki lenye vikombe. Pumzi alizungumza amesimama. Alipomaliza, Kondakta alijikuna ndevu.

"Sikusikia," akasema hatimaye. "Mimi nimesimama hatua nane kutoka kwenu, na sikusikia. Unajua linavyoniuma hilo?" Akainuka, akasuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. "Na sasa unataka nifanye nini na ukweli huu? Nimwadhibu? Nimpigie mwandishi simu?"

"Nataka umwambie yeye yale uliyoniambia mimi, mbele ya watu wale wale. Na unibadilishie kiti."

"Mpaka jino lipone?"

"Jino haliponi, linang'olewa. Nitarudi baada ya hapo kama mdomo utakubali. Nikirudi, nirudi kiti cha pili."

"Dada, hakuna anayeshuka kwa hiari yake. Watasema tumekusukuma."

"Waambie nimechoka. Wataamini, maana ni kweli."

Kondakta akamtazama kwa mara ya kwanza bila ule uso wa ofisini. "Hata mimi nimechoka," akasema, kama anayekiri kosa. Kisha akachukua kalamu.

Jumatatu iliyofuata Kondakta aliyasema mbele ya wote. Hakuyapamba. Mwenye fagoti, lile zumari refu la sauti nzito, mzee mbishi asiyempenda mtu, akaanza kupiga mguu sakafuni, na wengine wakafuata. Pumzi alipiga mguu kuliko wote. Msomi alilia waziwazi, puani kukamtoka maji, akakosa leso. Pumzi akampa ya kwake.

"Asante," akamwambia, chini ya kelele zile.

"Ya nini, mama? Mimi ndiye—"

"Nyamaza. Nimechelewa wiki nzima, niache nimalize. Asante."

Jino lilitoka kwa dakika moja. Daktari mwenyewe alishangaa. La pembeni yake likanusurika kwa kusafishwa na kuombewa. Kisha ikaja miezi ambayo Pumzi hakupuliza kitu, ya kwanza tangu alipokuwa na miaka tisa, naye akagundua mambo ambayo watu wengine walishayajua zamani: kwamba alasiri ina urefu, kwamba mama yake husimulia vizuri akiachwa aanze, kwamba bega likipumzishwa husamehe.

Mfupa uliposhika na jino jipya likafungwa, likawa kweli kama daktari alivyosema, jiwe kinywani, halisikii chochote. Noti zilimjia kutoka mbali, kama simu ya chumba cha pili. Ilibidi ajifunze upya kwa mtindo wa wapigaji wa zamani, kukunja midomo yote miwili, wa juu na wa chini, ili meno yasiguse chombo kabisa. Wiki za kwanza klarineti ililia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mdomo wa juu ulichubuka ndani, ukapona, ukachubuka. Siku za Alhamisi Msomi alikuja nyumbani kwake na chombo chake, wakapiga pamoja pole pole, noti ndefu tu, saa nzima, na hakuna aliyezungumzia nani mwalimu wa nani. Mama alikaa nao, viatu amevua, nyayo sakafuni.

"Huyu wa kulia," alisema siku moja, "anapiga vizuri kuliko wewe."

"Najua, mama."

"Nini?"

"Najua!"

Hakurudi kuwa alivyokuwa. Sauti yake ya juu ilikuwa imepungua mng'aro, na noti ndefu alizoweza kuzishika sasa zilikuwa za mtu wa kawaida. Lakini kiti cha pili hupiga zaidi chini, kule ambako klarineti ina sauti ya mbao na giza, na kule mdomo wake mpya ulikuwa na raha. Aliporudi mazoezini, mwanzo wa msimu, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kulia, akarekebisha stendi, akaketi. Msomi alikuwa tayari upande wa pili, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha.

"Naogopa," akanong'ona. "Ukurasa wa tatu mkono wa Kondakta siuelewi kabisa."

"Hakuna anayeuelewa. Usimwangalie. Sikiliza chelo, na mimi nitavuta pumzi ya kusikika kabla yako."

Akafanya hivyo. Msomi akaingia vizuri, na Pumzi akaingia chini yake, kwa sauti ndogo, pale alipoandikiwa. Hakuwaza jiko. Alihesabu mapumziko yake, yalikuwa mengi, akapumzika yote.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa kitini mlangoni anaota jua.

"Haya, mwanangu. Umepanda au umeshuka?"

"Nimesogea tu, mama. Kiti kimoja kulia."

Mama akalifikiria jambo hilo kwa muda, au pengine hakulisikia. "Basi nisogeze na mimi," akasema. "Hapa kivuli kimeshafika."

Pumzi akaweka mkoba chini, akamshika mama yake kwapani, akakisukuma kiti kwa goti mpaka juani.